Kitabu Kilichopanda Lori la Majani Chai

Mimi hasira zangu ziko karibu, hata mume wangu atakwambia. Lakini siku nilipokuta riwaya zangu kumi zimefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, bado ziko ndani ya nailoni, nilijikaza.

"Hizo ni za wakaguzi," akasema. "Zikichafuka tutawaonyesha nini?"

Nilikuwa nimeziomba kwa rafiki niliyesoma naye chuoni. Vitabu tulivyokuwa navyo vilijaa watoto wanaokwenda likizo ufuoni na kuamkia soseji. Wanafunzi wangu wa sekondari msingi huamkia uji, ukipatikana. Hizi mpya zilikuwa na watoto wenye vikapu vya majani chai mgongoni. Tulibishana hadi chai ya saa nne ikapoa, akanipa kimoja. "Kikipotea hicho, vingine havitoki."

Nilijua wa kumpa. Msichana mmoja wa gredi ya nane alikuwa haonekani siku za kuchuma, maana mamake alikuwa peke yake shambani. Na kitabu chenyewe kilihusu msichana aliyetolewa shule akachume. "Soma," nikamwambia, "halafu utaniambia kama alirudi shule." Wiki mbili nzima hakukosa hata siku moja. Kisha akatoweka.

Siku ya tatu mwenzake wa dawati akanijia, macho kwenye viatu. "Madam, kitabu kilienda na lori."

Yarabi! Kumbe majani yao yalikuwa yameshapimwa, lori likachelewa kama kawaida yake, na msichana akaketi pale kituoni pa kupimia akisoma. Mvua ikaanza. Akakisokomeza kitabu ndani ya mfuko wa majani kisilowe, akakimbilia chini ya paa. Lori likafika, wapakizi wakaning'iniza mifuko kwenye kulabu zake, likaondoka. Yeye akaona heri aache shule kuliko kuniangalia machoni.

Nikapanda pikipiki hadi kiwandani. Askari wa lango akauliza nimeleta nini.

"Nimefuata kitabu."

"Mama, hapa tunatengeneza chai."

Niliyomwambia hayasemwi na Msabato kama mimi, lakini lango lilifunguka. Ndani, pale majani yanapotandazwa yanyauke, nilikuta wanaume wanne wamevaa kofia za wavu, mmoja anawasomea wenzake kwa sauti.

"Kitabu changu hicho," nikasema.

"Madam, keti kidogo. Huyu msichana wa kitabuni bado kurasa tano tu."

Nilikuwa nimekuja kugombana, Mungu anajua. Niliketi. Tukasikiliza hadi mwisho, na mmoja wao akajisingizia vumbi la chai limemwingia machoni.

Kutoka hapo, kitabu mkobani, nikaenda moja kwa moja kwao msichana. Mamake alikuwa katikati ya majani, kikapu mgongoni. Binti alikuwa amechutama mistari miwili nyuma yake, kitambaa cha kichwa tu kinaonekana. Nilikuwa na mahubiri yangu tayari kuhusu elimu, marefu. Mama akaniwahi.

"Mwalimu, samahani kwa kitabu. Lakini hebu niambie, maana binti hakufika mwisho. Yule mama wa kitabuni, alimrudisha mtoto shule?"

Kumbe binti alikuwa akimsimulia wakichuma, mstari baada ya mstari.

"Hata Sabato iliyopita nilisimama nikaomba kanisa limwombee," akaendelea. "Nilisema kuna mama mmoja anamtoa mtoto shule kwa sababu ya majani. Mzee wa kanisa akamwombea sana."

Mzee wa kanisa ndiye mwalimu mkuu wetu. Nilimeza kicheko kikanikwama. Kisha nikamtazama yule mama, nikaona hakuwa anacheka, na kicheko kikaniisha.

"Sijui," nikadanganya. "Zimebaki kurasa tano. Kitabu kiko shuleni kuanzia kesho."

Na kesho hiyo ilikuwa siku ya kuchuma. Mama aliyaangalia majani yaliyobaki, akaliangalia na wingu.

"Wewe," akaita, "toka huko. Kesho uende usome, uje uniambie vizuri."

Asubuhi nilimkuta darasani kabla yangu, vidole vimeingia weusi wa majani. Nikamgawia ukurasa mmoja kwa siku. Alinuna, na mimi sikumwonea huruma. Siku ya tano ilipokwisha, asubuhi ya shule iliyofuata nilikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu kabla hajavua koti, nikitaka kitabu cha pili.