Mikono Isiyotoka Makaburini

Nilipokuwa mtoto Kilolo, niliamini kwamba mtu aliyetoka kuzika akimgusa kuku anayeatamia, mayai yote yanakuwa viza. Bibi ndiye aliyetufundisha, na hakuna aliyembishia.

Tulipomzika babu, bibi alikuwa amebakiwa na mtetea mmoja. Wengine walimalizwa na ugonjwa wa mdondo. Huyo mmoja alikuwa ameatamia jikoni, ndani ya tenga. Kesho yake mvua ikanyesha na paa likavuja juu yake. Kuku akawa anasimama, anazunguka, anakaa tena. Bibi naye alikwenda mlangoni, akarudi, akatazama juu. Kulisogeza tenga ilikuwa kazi ndogo tu, lakini kijiji kizima kilikuwa kimezika.

Isipokuwa jirani yetu, Mama Sikujua. Babu aliwahi kumvunja jogoo wake mguu kwa jiwe, na tangu hapo hawakusalimiana. Bibi alijifunika khanga, akanishika mkono, tukaenda.

“Kamwene,” bibi alisalimia.

“Kamwene. Umekuja kunisema kwamba sikuzika?”

“Nimekuja kuomba mikono yako, dada. Kuku wangu analowa.”

“Jogoo wangu anachechemea mpaka leo.”

“Na aliyempiga nimemzika jana. Sasa utamdai nani?”

Mama Sikujua alicheka. Kisha akaanza kulia, huku akitafuta kandambili zake. Alilihamisha tenga, akakaa na bibi jikoni mpaka jioni. Mayai mengine yalianguliwa, mengine hayakuanguliwa.

Baadaye nilisomea baiolojia chuo kikuu. Najua yai linaharibiwa na baridi na unyevu, halijui msiba. Hata hivyo, tangu nimzike mke wangu hapa Mbalizi, sijaingia katika banda lake la kuku. Wawili wanaatamia. Nawamwagia mahindi mlangoni, nazunguka uani, nashika komeo, naliacha. Nadhani bibi aliogopa kweli kwa ajili ya mayai yale. Lakini pia mwiko ulimpa neno la kusema mlangoni kwa mtu ambaye asingeweza kumwendea bila neno.

Mdogo wake mke wangu, anayeishi Chimala, hakuja kuzika. Tulikuwa tumekosana juu ya matibabu ya dada yake. Leo asubuhi nimempigia simu. Sikumuuliza chochote. Nilisema, “Shemeji, kuku wa dada yako wanahitaji mtu ambaye hakufika makaburini.”

Aliuliza kama wamekula.