Kanga Iliyosomwa na Upepo

Juzi, karibu na Katonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, nilimwona mgeni amesimama juu ya ubao wenye tanga, akianguka ziwani na kupanda tena huku akicheka. Nikaikumbuka jioni moja ya utotoni iliyonuka dagaa walioanikwa.

Mimi na dada Zaina tulisimama majini juu ya ubao wa mtumbwi mbovu, tukaitanua kanga ya mama iliyoandikwa NIPELEKE TARATIBU. Upepo ukatusukuma kwa nguvu.

“Dada, tunakwenda Kongo!” nikapiga kelele.

“Umeishika kichwa chini. Upepo utasomaje? Igeuze!”

Nikaigeuza, na mwendo ukapungua. Leo najua kanga ilikunjamana tu nilipoigeuza, lakini siku ile niliamini kabisa kwamba upepo umeisoma. Ndiyo maana Zaina alipotazama pembeni, niliirudisha kichwa chini.