Sukhum, Sukhumi

Mdomo wangu mie haujui kufunga. Si kwamba mie mmbeya, ingawa kaka yangu atakwambia vingine. Nasema midomo hii yenyewe miwili. Neno likikatika ghafla mwishoni, lazima nilitie i au u ndipo nipumue. Benki, shati, kabati. Ndivyo tulivyokuja nacho Kiswahili chetu huku mji wa Ibra, kwa Waarabu, kutoka Unguja, mama yangu na mie, na miaka yote ya kusema Kiarabu haikututoa tabia hiyo.

Na wifi yangu kwao ni Sukhumi.

Kaka alimuoa alipokuwa akisomea udaktari Urusi, dola ile haijavunjika. Alipomleta kwetu alikuwa hajui hata kuomba maji. Mama akamfundisha Kiswahili jikoni, neno kwa neno, na haukupita muda alikuwa akinijibu ufedhuli kama mtoto wa mjini hasa. Mama yake alikuwa akipiga simu kutoka kwao, na nikinyanyua mie hupiga ukelele wa furaha, "Wifi! Wifi!" Alimsikia bintiye akiniita hivyo, akadhani ndilo jina langu. Tulicheka mpaka machozi, lakini hatukumsahihisha. Jina zuri, nilisema, mwacheni.

Kisha ikaja vita, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Pwani yao ile, Abkhazia, ikawa inagombewa. Waabkhazi wanasema hii nchi yetu, tunajitenga. Wageorgia wanasema huu mkoa wetu, hamwendi popote. Wifi baba yake, marehemu, alikuwa Mwabkhazi, na mama yake Mgeorgia. "Haya, nambieni," alikuwa akituuliza, "nijikate wapi?"

Wakafika kugombea hata jina la mji. Wageorgia wanasema Sukhumi. Waabkhazi wakaikata ile i ya mwisho, ati ni ya Kigeorgia, wakasema Sukhum. Herufi moja! Mie nilicheka, Mungu anisamehe. Wifi hakucheka. Alisema kule barabarani wapo watu wenye bunduki, wakikuuliza kwenu wapi si kwamba hawajui. Wanasikiliza unavyomalizia.

Mji ukaingia mikononi mwa Waabkhazi, Wageorgia wakakimbia kwa maelfu, na simu ya mama yake ikanyamaza. Hatukujua kama kakimbia, kajificha, au kafa. Miezi ikapita. Wifi alikonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkononi, na haendi kuoga mpaka amuweke mtu karibu na simu. Siku moja alitusimulia kwamba nyumba za waliokimbia zimeshaingiwa na watu wengine. Mama akamuuliza, "Na sufuria je? Waliziacha mekoni?" Wifi akasema ndiyo, nyingine na chakula ndani. Mama akanyanyuka akaenda kutia udhu, na wakati wa sala ulikuwa bado. Sisi Unguja tulitoka vivyo hivyo.

Jumatano moja tukamlazimisha atoke. Ibra Jumatano ni soko la wanawake, na mama alimshika mkono akamburura akapate upepo. Mie nikabaki kulinda simu. Nilikuwa nakoroga unga wa mkate wa kumimina, mikono yote unga, simu ikalia.

Mwanamme, Kiingereza chake cha kuokoteza. Alisema anapiga kutoka kule mjini, kwamba yeye ni jirani, na kuna bibi mzee yuko kwake kajificha. Moyo uliniruka! Lakini hataki kusema zaidi mpaka ajue anazungumza na nani. Huyo binti wa bibi aliyeolewa hapo kwenu, aliniuliza, kwao wapi?

"Sukhumi!" nikamwambia. Mbio mbio, kwa furaha, i yangu ndefu na tamu.

Papo hapo simu ikakatika.

Mpaka leo sijui. Huenda laini ilikufa yenyewe, simu za kule zilikuwa zikifa kila mara. Huenda yule bwana aliogopa, au kuna mtu alikuwa akisikiliza. Nilikaa na mkono wa simu umeganda unga. Wifi aliporudi, buibui hajavua, akauliza, "Imelia?"

Nikasema, "Haijalia."

Nilimdanganya, wallahi. Siku saba nilikula naye sahani moja na uongo huo. Kila akiitazama simu mie nakwenda jikoni kuosha vyombo visafi. Siku ya nane nikashindwa, nikamwambia yote. Bora angenizaba kibao. Alinitazama tu, kisha akasema, "Haya, sema Sukhum."

"Sukhumi."

"Funga mdomo."

"Sukhumi."

Akanibana midomo kwa vidole vyake, kwa nguvu, mpaka ikauma. "Hapo," akasema. "Ishia hapo." Tangu siku hiyo tukawa tunajifunza, mama naye, anachagua mchele huku ananong'ona Sukhum, Sukhum, na kila akifika mwisho anaiumauma midomo, ile i isimponyoke. Ungetuona ungesema tumepandwa na mashetani.

Baridi ilikuwa imeshakwisha simu ilipolia tena. Wifi alikuwa uani anaanika nguo. Safari hii msichana, Kiingereza chake safi. Alisema yupo na bibi mzee aliyevuka mto wa mpakani kuja upande wao, wa Wageorgia, namba ya simu ameisahau nusu, na hii ni nyumba ya tatu wanayojaribu. Anataka kuwa na hakika. Binti yake anayemtafuta alizaliwa wapi?

Nikavuta pumzi. Nikaibana midomo yangu kama nilivyofunzwa.

"Sukhum," nikasema. Sawasawa kabisa, haikuponyoka hata chembe.

Nikamsikia msichana akimpa jibu langu. Nyuma yake ukapanda ukelele, "Sukhumi! Sukhumi!" Mtu ananyang'anya simu. "Sukhumi!" Sauti ya mzee, ina hasira, ina kilio. Kumbe nimemkata yeye safari hii. Nyumba imekwenda, sufuria zimekwenda, na mie huku ninamchukulia hata ile i.

Nikabaki nalia. Naye kule akasikiliza kilio changu. Kisha akauliza, polepole, "Wifi?"

"Ni mie," nikasema. "Ni mie, mama. Sukhumi. Sukhumi." Niliiachia ile i mpaka pumzi ikaniishia, na uani nikasikia beseni la nguo linaanguka.