Kivuli Miguuni pa Longor

Kila asubuhi ya Februari mwaka wa 2013, ilipotimia saa tatu, Keziah Nafula alifungua mlango wa nyuma wa nyumba yake mjini Lodwar, akaweka kigoda kizingitini, na juu ya kigoda akalaza picha aliyoichapa jana yake. Mlango ule ulielekea kaskazini, na miezi hiyo jua halikuingia humo kwa nguvu. Aliinama, mikono ameifumba mgongoni, akatazama. Picha ya kumi na tisa ilikuwa ya kijani.

Hakikuwa kijani cha majani. Kilikuwa kile cha maji yaliyokaa mtungini siku nyingi. Ukiitazama picha peke yake hukioni, lakini ukiweka kitu cheupe kando yake kinajitokeza. Keziah aliandika nambari nyuma ya karatasi kwa penseli, kisha akafungua daftari lake, akaandika: “19. Kijani, hasa kivulini.” Akafunga mlango, akaenda kuchemsha chai ya mtu mmoja.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa majalada katika ofisi ya elimu, na mkono wake haukujua kuacha karatasi bila nambari. Mumewe, Wekesa, alikuwa mpiga picha. Walihamia kutoka Kimilili mwaka wa 1984. Wekesa alijenga chumba cha giza nyuma ya nyumba, na humo akasafisha picha nyeusi na nyeupe za nusu ya wilaya: harusi, ubatizo, wavuvi wa Ferguson’s Gulf kando ya ziwa, wakulima wa Katilu kwenye mifereji yao. Dawa za kusafishia zilipokoma kupatikana Kitale, chumba kile kikawa ghala la makopo. Wekesa mwenyewe alifariki Machi mwaka wa 2011, figo zikiwa zimemchoka. Aliacha mikebe kumi na mmoja ya biskuti iliyojaa negativu za filamu, kila negativu katika bahasha yake, kila bahasha na tarehe yake.

Mwana wao Benard, aliyefanya kazi Kisumu, ndiye aliyempelekea mama yake printa ya wino pamoja na kompyuta aliyokuwa ameacha kuitumia. Printa ilikuwa ya zamani, lakini ilikuwa na kioo na taa ya kunakili negativu. Benard alimweleza matumizi yake kwa simu mara tatu, mara ya tatu kwa haraka. Tangu hapo alipiga simu siku za Jumapili, ila si kila Jumapili.

Mwezi wa Januari alikuja Akiru kutoka Kakuma. Keziah alimfahamu kwa mbali: mjane wa Longor, mfugaji aliyechunga mbuzi wake karibu na Kalokol kabla ya kuhamia Kakuma. Waliamkiana, ejok kwa ejok, wakanywa chai, na baada ya kikombe cha pili Akiru akaeleza shida yake. Zamani Wekesa alimpiga Longor picha kando ya ziwa. Mchwa walikuwa wameila. Kitambulisho chake nacho kilirudishwa serikalini alipofariki. Jumamosi baada ya Pasaka katekista angebariki msalaba kwenye kaburi lake, na Akiru alitaka wajukuu, ambao hawakumjua babu yao, waione sura yake siku hiyo.

Bahasha haikumchukua Keziah robo saa kuipata: “Longor, Ferguson’s Gulf, Agosti 1987.” Akamwahidi.

Lakini alipoinakili negativu na sura ikafunguka kwenye kompyuta, aliona asichokitarajia. Longor alisimama na fimbo yake, kigoda kidogo kikining’inia mkononi, ziwa nyuma yake, macho ameyakunja kwa jua la jioni. Na chini, kutoka ukingo wa picha hadi kwenye vidole vya miguu yake, kililala kivuli cha mtu mwingine: kofia pana iliyobonyea upande mmoja, viwiko viwili vimetanuka, kamera katikati. Kofia ile Keziah mwenyewe ndiye aliyeikalia ndani ya lori walipokuwa wakihamia, na Wekesa alikataa katakata kununua nyingine.

Hakuwahi kukiona kivuli hicho. Wekesa alipoichapa picha ile aliikata sehemu ya chini, kama alivyofanya siku zote. Kivuli cha mpiga picha ni aibu ya mpiga picha, alizoea kusema. Keziah alikuwa na picha ya harusi yao, na nyingine iliyopigwa kwa simu hospitalini, ambayo hakupenda kuitazama. Ya Wekesa akiwa kazini hakuwa nayo hata moja, kwani nani angempiga? Sasa huyu hapa, amesimama kama alivyosimama maisha yake yote, viwiko nje, akimsubiri mtu atulie.

Kwa hiyo alitaka mambo mawili. Akiru ampate Longor wake kabla ya siku ile, na yeye akipate kivuli kile kikiwa cheusi kama kilivyokuwa juu ya mchanga. Wekesa hakuwa na kivuli cha kijani.

Kosa la kwanza lilikuwa la taa. Picha ya nne aliirekebisha jioni, chini ya taa ya umeme ya sebuleni, mpaka ikawa kijivu safi, akalala amefurahi. Asubuhi alipoipeleka mlangoni ilikuwa ya kijani. Akaongeza wekundu, ikawa zambarau. Akapunguza wekundu, kijani kikarudi. Alijaribu duka la kuchapa mjini, lakini huko walikuwa wakitoa sura za wagombea wa uchaguzi mchana kutwa, na Longor aliyerudishiwa alikuwa wa zambarau kuliko wake. Taratibu alielewa kwamba mashine haikuwa na wino wa kijivu. Ilichanganya manjano, samawati na wekundu ili kijivu kipatikane, na watatu hao wakikosana kidogo tu, mmoja wao hutokeza kichwa.

Kipimo alichotumia kilikuwa cha Wekesa. Ndani ya kifuniko cha mkebe wa kwanza mlibandikwa ukanda wa karatasi wenye ngazi kumi na moja, kutoka nyeupe hadi nyeusi, ambao Wekesa aliusafisha kwa mikono yake. Kijivu hakina kabila, alipenda kuwatania wateja waliolalamika kwamba wametoka weusi mno au weupe mno. Keziah aliukumbuka mzaha huo magari ya kampeni yalipopita nje na vipaza sauti vyao. Aliulaza ukanda kando ya picha ya ishirini na tano, ya ishirini na nane, ya thelathini na moja. Kila mara ukanda ulikuwa kijivu, na picha ilikuwa na kabila.

Uchaguzi ukapita, Machi ikasonga, wino ukapungua. Ndipo alipompigia simu Marie-Claire, mama Mkongomani mwenye kibanda cha picha za pasipoti ndani ya kambi ya Kakuma, ambaye zamani alijifunza kazi ya chumba cha giza kwa Wekesa. Walikuwa hawajasemezana tangu mazishi. Marie-Claire aliuliza maswali mengi, la karatasi, la wino, la taa, kisha akacheka kidogo.

“Mama Keziah, hiyo marangi ndiyo inakusumbua. Uiache yote ilale. Utumie nyeusi peke yake.”

Keziah alimjibu kwamba tangu mwanzo aliiagiza mashine ichape nyeusi na nyeupe. Marie-Claire akamweleza, polepole kama anayemwongoza mtu gizani, kwamba agizo hilo halitoshi. Ukiiambia mashine kwamba karatasi ni ile ya picha inayong’aa, itaendelea kuchanganya rangi kwa siri. Iambie karatasi ni ya kawaida, ya ofisini. Kisha uweke karatasi nzito isiyong’aa, uchague wino mweusi tu. Alikuwa na kopo moja la wino mweusi la mashine kama ile. Yake ilikuwa imeshakufa. Angelituma kwa dereva.

“Itakuwa na chembechembe sawa na mchanga,” alisema. “Lakini haitageuka. Nyeusi ikiwa peke yake, itagombana na nani?”

Keziah alishusha simu. Kisha akaandika maneno hayo katika daftari.

Picha ya thelathini na mbili ilitoka Jumatano kabla ya Pasaka. Hakuitazama jioni ile. Aliifunika kwa gazeti. Asubuhi, saa tatu, aliipeleka mlangoni na kuulaza ukanda wa Wekesa kando yake. Kwenye shavu la Longor kulikuwa na vidoti, kweli kama mchanga, lakini ukiishika picha kwa urefu wa mkono vilipotea. Maji ya ziwa yalikuwa kijivu. Mchanga ulikuwa kijivu. Na kivuli kilikuwa cheusi, bila kingine chochote ndani yake. Aliipeleka juani, akairudisha ndani, akawasha taa. Haikugeuka. Keziah aliketi pale kizingitini hadi chai yake ikapoa.

Alikusudia kuchapa mbili. Ya pili ilitoka na mistari myeupe kutoka juu hadi chini; ya tatu ilitoka karatasi tupu. Joto la Lodwar lilikuwa limeukausha wino katika mdomo wa mashine, na hakuna maji ya moto wala pamba vilivyouzibua. Benard alimwambia asihangaike, angempelekea mashine nyingine ifikapo Agosti. Keziah alizijua Agosti za Benard.

Basi palikuwa na picha moja na wajane wawili. Alilifikiria jambo hilo kwa utaratibu, kama alivyofikiria kila kitu. Longor wa picha ya zamani hakuwa na kivuli. Akiru hakuwahi kukiona na asingekikosa. Sehemu ya juu ingekuwa ya Akiru, na ukanda wa chini, upana wa vidole vinne, ungekuwa wake. Ndivyo Wekesa mwenyewe alivyoikata. Alichora mstari wa penseli nyuma ya karatasi, akachukua mkasi, akaukaribisha. Mkono haukukubali. Mwishowe alitia vyote mkobani, picha na mkasi, akijiambia kwamba ataikata hukohuko.

Alifika Kakuma Ijumaa baada ya Pasaka. Akiru alimkaribisha kivulini pembeni mwa nyumba, akafuta mikono yake kwa shuka mara mbili, ndipo akaipokea picha. Alitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilicheza bila sauti. Keziah alingoja, kisha akatoa mkasi na kueleza kwa upole kwamba bado kuna kazi ndogo iliyobaki, pale chini.

Akiru hakuiachilia karatasi. “Huyu amelala hapa kwa miguu ya mzee, ni nani?”

“Ni kivuli tu, Mama. Nitakiondoa. Hata Wekesa alikiondoa.”

“Kivuli tu?” Akiru aliisogeza picha karibu na macho. “Hii kofia mimi najua. Huyu ni bwana yako.”

Kisha akasimulia, huku akiigiza sauti ya Longor na ya Wekesa kwa zamu. Siku ile kando ya ziwa Longor alikataa kupigwa picha. Alisema picha ya mtu mmoja ni ya kipande cha serikali au ya mtu anayetafutwa na polisi. Yeye hana kosa, hasimami peke yake. Walibishana hadi jua likashuka. Wekesa akacheka, akamwonyesha mchanga. Hauko peke yako, mzee, alimwambia, mimi huyu hapa, nimefika mpaka miguuni pako. Longor akatazama chini, akaona ni kweli, akasimama.

“Picha ikakuja,” Akiru alisema. “Longor akatafuta yule mwenzake. Hayuko. Mpaka anakufa alikuwa anasema, yule mtu wa picha ni mtu mzuri, lakini alitoroka.” Alicheka hadi akafuta machozi kwa kiganja, kisha akautazama mkasi. “Na wewe Mama Benard, leo umekuja kumtorosha tena?”

Keziah aliurudisha mkasi mkobani, akahangaika na kifungo cha mkoba zaidi kuliko kilivyohitaji.

“Wewe unayo yako, ya nyumbani?” Akiru aliuliza.

“Ninayo,” Keziah alijibu.

Siku ya pili msalaba ulibarikiwa. Wajukuu waliipitisha picha mikononi, na katoto kamoja kakaweka kidole juu ya kivuli, kakauliza. Akiru alijibu kwa Kiturkana. Keziah hakuielewa sentensi yote, ila jina la Wekesa alilisikia ndani yake. Lilikuwa halijatamkwa na mtu mwingine mbele yake kwa miezi mingi.

Jumatatu, nyumbani Lodwar, alifungua daftari na kuandika: “32. Haina rangi. Iko Kakuma, kwa Longor.” Kisha akazipekua zile nyingine moja moja, akaitoa ya nne, ile ya mwanzo aliyoirekebisha chini ya taa. Pale mlangoni, saa tatu, ilikuwa ya kijani kama siku ya kwanza. Aliitia katika fremu hata hivyo, akaitundika sebuleni, ukutani mahali ambapo mwanga wa mchana haufiki vizuri.

Mchana hakuitazama. Jioni alipowasha taa, kivuli kilikuwa cheusi, au karibu na cheusi, na ndipo alipozoea kuleta chai yake na kuketi mbele yake.