Vifungo vya Koti la Baba

Sebuleni kwa mama, huko Kisondela, kuna msumari mmoja ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa mwamvuli. Uko mkono wa kulia wa picha ya baba, na mama aliugongomelea mwenyewe. Mwamvuli ulikuwa mpangaji tu. Mwenye nafasi alikuwa mama, maana baba alifariki mimi nikiwa bado tumboni, na hawakuwahi kupigwa picha wakiwa pamoja hata siku moja. Mwaka huu, nyumba ilipopigwa lipu upya, akaniambia kwamba sasa anataka kukaa pale ukutani karibu na mumewe, na picha yake iwe nyeusi na nyeupe kama ya mwenzake.

"Nataka niiweke nikiwa hai," alisema. "Nikishakufa mtachukua ile ya kitambulisho, ile niliyokodoa macho."

Sikubisha, kwa sababu ni kweli tungechukua ile ya kitambulisho.

Mimi nina stesheneri Tukuyu mjini. Printa ya wino ninayo, na maringo ninayo pia. Nilimpiga mama picha kwa simu nje ya jiko lake, amevaa sweta lake jeusi la kanisani, nikarudi mjini nikaitoa siku hiyo hiyo. Nilichagua ubora wa chini, ule wa haraka, kwa kuwa watu wa fotokopi walikuwa wamejaa mlangoni. Ilipotoka nilishangaa. Weusi ulikuwa weusi kwelikweli, weupe ulikuwa weupe, na mama alikuwa msichana! Makunyanzi yote yameondoka. Nilijisifu mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine wa kunisifu.

Nilipompelekea kijijini, mama aliishika, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Na sweta langu limeungua?" Akanyoosha kidole kwenye picha ya baba. "Koti la baba yako ni jeusi, vifungo vyake vyeusi, na vyote vitatu ninavihesabu. Sweta langu lina vifungo sita. Viko wapi?"

Nikaanza kumweleza kwamba picha ya baba ilisafishwa kwa dawa kwenye chumba cha giza, na kwamba siku hizi mambo yamebadilika.

"Basi siku hizi mmerudi nyuma," akasema, akautundika mwamvuli wake palepale.

Iliniuma sana, hasa kwa sababu alisema kweli. Printa yangu haina wino wa kijivu. Inadondosha vitone vyeusi, na kijivu unachokiona ni vitone hivyo pamoja na weupe wa karatasi ulioachwa katikati. Vitone vikiwa vikubwa na vichache, kivuli chepesi hakina pa kukaa. Ama kinapotelea kwenye weupe, ama weusi unakimeza. Vifungo vya mama vilikuwa vimemezwa. Makunyanzi yake yalikuwa yamepotelea upande wa pili, lakini hilo mimi sikulihesabu kuwa kosa.

Mara ya pili nilipandisha ubora hadi mwisho, ila kwa ubahili wangu nikajaribia kwenye karatasi ya kawaida. Ilikuwa wiki ya mvua, na karatasi zote dukani zilikuwa zimekunywa unyevu. Vitone vidogo vikamwagika kwa wingi, wino ukatambaa, karatasi ikavimba, na mama akazama gizani. Nilitaka kuichana, lakini mama mwenyewe alikuwa amekuja sokoni na ndizi zake, akapitia dukani, akaikuta mezani.

"Ugwe, wewe!" akasema. "Safari hii umenipaka masizi."

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, kwa vile nilikuwa sina jinsi.

Mara ya tatu nilifungua pakiti mpya ya karatasi ya picha, nikaweka ubora wa juu kabisa, nikaiacha printa iende taratibu kama mtu anayesuka mkeka. Mwalimu mmoja aliyeleta mitihani aliguna hadi akachoka. Picha ilipotoka haikuwa na makali ya ile ya kwanza. Ukiitazama haraka ungesema imepoa. Lakini nilipoinama niliviona vifungo sita vyeusi juu ya sweta jeusi, na hata uzi uliochomoka kwenye mkono. Niliona pia makunyanzi. Yalikuwa yamerudi yote, na yamekuja na ndugu zao.

Hapo nikaogopa. Baba kwenye picha yake hajafika hata miaka thelathini.

Niliipeleka kwa bodaboda, imebanwa kati ya vipande viwili vya boksi na kufungwa nailoni. Mama alihesabu vifungo kwanza. Kisha akapitisha kidole shavuni, hewani tu, bila kuigusa picha.

"Sasa huyu ni mimi."

"Lakini mama," nikasema, "ukikaa pembeni yake watu watadhani ni mwanao. Naweza kuyapunguza kidogo."

Akanitazama kama ninavyowatazama mimi wanaoniomba fotokopi ya bure.

"Uyapunguze kwa nini? Haya nimeyapata nikilea watoto wake. Aliondoka mapema, hajui kilichoendelea. Acha aone."

Akaushusha mwamvuli, akanipa niushike, akaitundika picha mwenyewe. Akarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni, akaitazama ile ya baba, si yake.

"Umetuona?" akamwambia. "Wote wamekua. Na huyu mwenye mwamvuli ndiye uliyemwacha tumboni. Ndiye fundi wa picha. Usimcheke, amejitahidi."

Nikajifanya natafuta pa kuuweka mwamvuli.