Ufunguo Kwenye Kopo la Iliki

Jirani yangu hapa Stechford, ughaibuni, alihangaika miezi mitatu kuchagua bunduki ya kulenga shabaha za mbali. Kwa anayeanza, alinieleza, tafuta isiyopiga teke begani, kisha usifanye ubahili kwenye darubini ya kulengea.

Juzi afisa wa polisi alikuja kukagua kabati la chuma kabla ya kutoa kibali. Nilikuwepo, nasubiri chai.

“Nani mwingine anajua ufunguo unapowekwa?” aliuliza. Sheria hairuhusu mwingine kujua.

“Hakuna,” alijibu jirani, mkono kifuani.

Mama yake akatokea jikoni na sinia: chai, mahamri na ufunguo.

“Mfungulie mgeni, mwanangu. Ulikuwa kwenye kopo la iliki.”

Afisa alikula mahamri mawili, akafunga daftari bila kutoa kibali.

Darubini aliyoichagua inaona mita mia sita. Jikoni ni hatua nne.