Programu ndogo iliyotenganisha simulizi za wazee bila mtu kuzisoma

Wakuu, heshima kwenu.

Ninachoandika hapa kimetokea dukani kwangu na sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mzaliwa wa Kibondo, nina steshenari hapa Kasulu mjini. Natoa kopi, naprinti, mambo ya kawaida.

Siku moja aliingia mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu, tumwite Mama Sifa. Alikuwa na kibali cha kutoka kambini siku hiyo tu.

Huyu mama kwa miaka alikuwa anawatembelea wazee kambini. Wanamsimulia maisha yao, yeye anaandika kwenye simu ili wajukuu waje wasome. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa.

Sasa simu ikafa. Fundi akajitahidi kuokoa maandishi, akamwekea kwenye flash, ila yalitoka yote yameungana kwenye faili moja refu, mzee huyu kashikana na yule.

Na Mama Sifa alikuwa anakaribia kusafiri kwenda kuishi nchi ya mbali. Alitaka kila mzee aachiwe karatasi zake mkononi.

Nikamwambia, "Mama, hili dogo. Nitasoma taratibu, nikikuta mwisho wa mtu nakata."

Akaweka kiganja juu ya flash yake pale kaunta, akanijibu kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

"Hapana, papa. Hapana soma. Kila mutu aliniambia mimi peke yangu. Kuko vita mule, kuko aibu za watu."

Wakuu, hapo nilikwama. Unamkatia mtu maandishi bila kuyasoma, unaanzia wapi?

Nikakumbuka programu moja ya bure niliyowahi kuiweka kwenye laptop, kazi yake ni kugawa mafaili ya maandishi. Unaipa faili kubwa, unaiambia kila kipande kinaanza na maneno gani, yenyewe inakata. Kila kipande inakipa namba, na mstari wa kwanza unakuwa jina la faili.

Nikamuuliza, "Wazee walikuwa wanaanzaje?"

"Wote niliwaanzisha sawasawa. Mimi ni fulani, mwana wa fulani."

Nikaiambia programu ikate penye kila mstari unaoanza na "Mimi ni", nikabonyeza.

Nilikuwa sijageuka hata kumtazama, folda ikajaa. Mimi ni Yeremia. Mimi ni Furaha. Mimi ni Anselme. Mama Sifa akawa anayataja kwa sauti ya chini kama anawaita mlangoni.

Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo cha laptop. Chini ya Anselme kulikuwa na faili linaitwa "Mimi ni mtu niliyekimbia nikamuacha mama".

"Uyu si mutu mwingine," akasema. "Ni Papa Anselme, katikati ya maneno yake."

Programu ilikuwa imeona maneno yale yale mwanzoni mwa mstari, ikadhani ni mzee mpya. Nikaviunga vipande viwili kwa namba zake, nikabadilisha na jina, bila kufungua hata kimoja. Lakini ule mstari nilishausoma, na mpaka leo ninao kifuani.

Tukaprinti. Mashine yangu inatoa karatasi zikiwa zimelala kifudifudi, mama mwenyewe akawa anazipokea na kuzibana. Faili zote zikarudi kwenye flash yake, kwangu nikafuta mbele yake.

Baadaye alinipigia kunieleza alivyozigawa. Papa Anselme hajui kusoma. Alizipokea karatasi, akazigeuza geuza, akauliza, "Ni zangu tu? Hakuna za mwingine humu?"

Mama Sifa akamjibu ni zake tu.

Mzee akazikunja, akaziweka ndani ya shati, akaendelea kuota jua.

Wakuu, mimi hizi programu nilikuwa naziona za kurahisisha kazi basi. Siku ile niliona kitu kingine. Mashine haijui aibu ya mtu, na kwa kutojua kwake imewatunzia wale wazee heshima kuliko ambavyo mimi ningeweza, hata kwa nia njema. Na huyo mama aliyekaa akawasikiliza wote, namvulia kofia.

Nilichojifunza: mteja akikwambia usisome, usisome. Tafuta njia.

Wenye steshenari na mafundi simu humu, nyie mnafanyaje mkikabidhiwa maneno ya watu? Karibuni tuelimishane.